Wimbo wa Tisa na Sahani za Persida

Persida wa nyumba ya pili anasema kwamba siku ya Mtakatifu Nikola, Ljubinka alimpiga kum wake, msimamizi wa ndoa yake, kwa samaki. Anaapa kwa macho yake mawili. Anasema basi lilisimama karibu na daraja la reli, wakashuka vijana mia kasoro, wengine nywele rangi ya zambarau, wakaingia nyumbani kwa Ljubinka bila kualikwa, wakala kila kinacholika, wakagombana juu ya nyimbo mpaka kum Velibor akaingilia, na hapo ndipo Ljubinka alipomnyanyua samaki mzima kwa mkia na kumtandika naye mzee wa watu kifuani. Akifika hapo Persida hujishika shavu, kisha humalizia kwa sauti ya msibani: na sahani yangu ikavunjika.

Maneno ya Persida yana ukweli ndani yake, ila ukweli wenyewe umekaa kama mwiba katika samaki, lazima uutafute taratibu kwa ncha ya ulimi. Vijana hawakuwa mia, walikuwa wa kujaza basi dogo. Samaki alimfikia kum kweli, lakini hakuna aliyepigwa. Na kuhusu sahani, tutafika.

Jioni ya kuamkia sikukuu, Ljubinka alivuka theluji ya uani akagonga mlango wa Persida, kama alivyogonga kila mwaka tangu aolewe.

"Nimekuja kwa zile sahani, jirani."

"Zipi?" aliuliza Persida, na sahani zenyewe zilikuwa nyuma yake juu ya kiti, zimeshafungwa kwa magazeti.

"Zile zenye ukingo wa dhahabu."

"Aa. Zile za kwenye wimbo."

Ljubinka alizipokea. Alizikumbatia sahani kifuani akarudi nazo polepole, akitazama anapokanyaga, na nyuma yake alimsikia Persida anafunga mlango huku akiimba puani, si kwa sauti kubwa, ila ya kutosha kusikika hadi ng'ambo ya uzio.

Wimbo aliokuwa akiuimba ulikuwa wa Mbayuwayu. Mbayuwayu ni wasichana wanne wa Belgradi wanaoimba na kucheza, na mmoja wao, yule mrefu anayesimama kushoto, ni Kosara, mtoto pekee wa Ljubinka na Miodrag. Majira ya vuli walitoa albamu yao, *Ngazi za Nyuma*, nyimbo kumi na moja. Katika kumi na moja hizo Kosara alipewa moja tu ya kuongoza mwenyewe, wimbo wa tisa, na maneno yake aliyaandika yeye. Unaitwa "Dirisha la Jikoni". Ungedhani mama angefurahi. Lakini ubeti wa pili unasema:

*Sahani za jirani mezani mara moja kwa mwaka,*
*viti vya kuazima, mama anatabasamu kama ni vyake.*
*Siku ya Nikola haitwi mtu, njoo tu,*
*nyumba ya mwisho kabla ya daraja la reli.*

Mara ya kwanza Ljubinka aliusikia akiwa anamenya viazi kwenye jiko la shule anakopika. Kisu kilisimama. Wiki ile ile wenzake jikoni walimuuliza kama na sufuria hizi ameziazima. Dukani mwenye duka alimpimia jibini huku akitabasamu na kumwuliza mwaka huu sahani zinatoka wapi. Hakuna aliyemtukana. Walicheka tu, na kicheko cha aina hiyo huwezi kukirudisha kwa mwenyewe.

Hata hivyo wimbo wa tisa ni wimbo wa tisa. Wanaofika huko ni mashabiki wenyewe, wale wanaosikiliza albamu tangu mlango wa mbele mpaka mlango wa nyuma. Hatari ilikuwa moja. Mbayuwayu walikwishaachia nyimbo mbili, "Usinipigie Jumatatu" uliovuma, na "Lifti" uliokwama kama jina lake. Wa tatu, kampuni ilisema, mashabiki wachague wenyewe kwa kura. Wimbo ukichaguliwa utapigiwa video, utalia redioni, kwenye mabasi, sokoni na saluni, na nchi nzima itajua sahani za Ljubinka ni za nani.

Basi Ljubinka alifanya jambo ambalo hakumwambia hata padri. Aliingia katika kundi la mashabiki kwenye simu, akajiita Mdalasini, akaanza kupigia debe wimbo wa nne.

Alikuwa amedhani ataandika mara moja na kuondoka. Lakini mtu akimenya viazi vya shule nzima ana muda wa kusikiliza, na Ljubinka alisikiliza nyimbo zote kumi na moja mpaka akajua mahali ambapo Nevena, kiongozi wao, anavuta pumzi. Aliandika kwamba wimbo wa sita ni wa kujazia sahani. Aliandika kwamba "Lifti" ulikufa kwa sababu kiitikio kilichelewa, wageni walishanyanyuka mezani. Watu walimpenda. Walimsubiri. Mdalasini amesema nini, waliulizana, na Mdalasini alisema, kila mara, kwa maneno mazuri yasiyo na matusi, kwamba wimbo wa nne, "Viatu Mkononi", ndio wa kuachiwa, na wimbo wa tisa uachwe ulale ulipolala.

Kwa mambo mengine yote Ljubinka alikuwa mama mwema.

*

Asubuhi padri alikuja akakata mkate, akaimba, akaonja ngano ya sukari na karanga, akaondoka kwenda nyumba nyingine. Mshumaa ukabaki unawaka. Kwa kuwa Nikola huangukia ndani ya mfungo, nyama hapana, maziwa hapana, mayai hapana. Palikuwa na maharage ya kuoka, kachumbari ya kabichi, na samaki wakubwa wa mtoni ambao Miodrag alisimama foleni kuwanunua, na bei yao hakuitaja, aliiacha tu karatasi ya duka mezani ili isomwe.

Miodrag ni mlinzi wa kiwanda cha soksi, na maneno yake huyatoa kama mtu anayelipia kila neno. Siku ya slava, yaani sikukuu ya mtakatifu wa nyumba, mwenye nyumba haketi. Anasimama tangu asubuhi mpaka mgeni wa mwisho atoke, anamimina, anapokea makoti. Kazi hiyo ilimfaa, kwa sababu aliyesimama haulizwi sana.

Kosara alikuwa amefika jana kwa basi, amekonda, nywele zimekatwa. Alijifunga aproni akaanza kupanga viti vya kuazima bila kuambiwa. Mama yake alimwonjesha maharage kwa kijiko cha mti.

"Chumvi imekolea?"

"Imekolea, mama."

"Nimeipika ndani. Chumvi ya kutiwa juu ni ya wavivu." Hilo Kosara alilisikia tangu akiwa hajaota meno.

Ljubinka akamuuliza kazi inaendeleaje. Kosara akasema inaendelea. Akamuuliza kura inafungwa lini, kana kwamba hajui. Kosara akasema leo, kabla ya taarifa ya habari ya jioni, kisha akageuka kufuta uma ambazo zilikuwa zimeshafutwa.

Saa sita kum Velibor aliingia. Kum ndiye aliyesimamia ndoa yao na ndiye aliyemsimamia Kosara kwenye ubatizo, kwa hiyo kiti chake ni cha mwisho wa meza, chini ya picha ya mtakatifu, na hakuna mwingine anayekikalia. Alikuwa amevaa suti nyeusi ambayo Ljubinka hakuwahi kuiona. Alionja ngano, akajipiga ishara ya msalaba, akaketi, akasema kelele za mjini zimemharibia tumbo, ashukuriwe Mungu kwa nyumba tulivu.

Hapo mlango ukagongwa.

Pale mlangoni alisimama msichana mwenye miwani iliyojaa ukungu, na nyuma yake wengine, na nyuma ya hao wengine, mpaka kwenye geti. Kila mmoja alishika pakiti ya kahawa.

"Heri ya slava, shangazi," alisema msichana. "Mimi naitwa Tijana. Tumetoka mbali kidogo. Ni hapa nyumba ya mwisho kabla ya daraja?"

Ljubinka akasema ni hapa. Angesema nini, na daraja linaonekana?

Tijana alieleza kwa adabu kwamba hawakutaka kusumbua, ila wamesikia katika wimbo. Slava mtu haalikwi. Anayejua siku na nyumba anakwenda. Wao siku wanaijua na nyumba wanaijua. Alisema hivyo bila ujanja wowote, na ubaya ni kwamba alikuwa sahihi. Hata bibi yake Ljubinka asingepata jibu. Unaweza kumfukuza mwizi, unaweza kumfukuza mdai, lakini aliyekuja kwenye slava na pakiti ya kahawa utamfukuzaje, mshumaa unawaka?

Kosara alitokea nyuma ya mama yake na bakuli la maharage mikononi. Vijana wote walinyoosha shingo. Mmoja akaanza kulia. Miodrag alitazama foleni ya makoti inayomjia, akanyoosha mkono.

"Karibuni," alisema.

*

Walikaa kwenye viti vya kuazima, kwenye kochi, kwenye sanduku la kuni, kwenye ngazi. Pakiti za kahawa zilijaa juu ya friji mpaka zikaanza kudondoka. Ljubinka alikata samaki vipande vidogo, kisha akavikata tena. Alituma mtu kwa Persida kuomba mkate, na Persida akaja nao mwenyewe, kwa kuwa mkate ungefika bila macho, na macho ndiyo yaliyotaka kwenda.

Amani ilidumu mpaka maharage yalipokwisha. Kisha dereva wa gari la maziwa aitwaye Ognjen, jitu la watu, kucha zimepakwa rangi ya samawati kwa heshima ya Nevena, alifuta mdomo akasema kwamba ni vigumu kusema hivi, anakula chakula cha nyumba hii, lakini uongo hajazoea. Yeye atapigia kura wimbo wa nne.

"Sina ubaya na wewe, dada Kosara," alisema. "Wewe nakupenda. Wimbo wako nausikiliza nikirudi na matangi matupu. Lakini nikienda na matangi yamejaa, nataka 'Viatu Mkononi'."

Kosara alisema anaelewa, akamuongezea kachumbari. Ognjen akawa mwekundu mpaka masikioni.

Tijana aliweka uma chini. Alisema wimbo wa nne ni mzuri, nani amekataa, lakini ni dada yake "Usinipigie Jumatatu", tumbo moja, pua moja. Ukiachia huo watu watasema Mbayuwayu wana wimbo mmoja wanaubadilisha nguo. Wa kwenye sanduku la kuni wakasema nguo nzuri si dhambi. Wa kwenye ngazi wakasema wimbo wa tisa hauna ngoma mpaka ubeti wa tatu, redio gani itasubiri? Mwingine akasema hapo ndipo utamu. Mwingine akasema ungewekwa mwisho wa albamu, kuuweka wa tisa ni kuuzika ukiwa hai. Juu ya wimbo wa sita hawakugombana. Wote walikubaliana ni wa kujazia sahani, na Ljubinka, anayepita na sinia, alijisikia vizuri bila kutaka.

Kum Velibor alikuwa amekaa chini ya mtakatifu, akilinda heshima yake. Mwishowe akagonga glasi.

"Kama huo wa tisa ni mzuri," aliuliza, "mbona ni wa tisa? Mzuri si ungekaa mbele?"

"Wa kwanza ni wa kufungulia mlango, babu," Tijana alimjibu. "Wa tisa ni wa waliobaki."

Kum aliwaza. Akadai asikilizishwe zote mbili, kwa haki, kama kesi. Wakamtia kifaa sikioni. Wimbo wa nne aliusikiliza huku goti likiruka chini ya meza, akasema huo mtu anaweza kuuchezea hata akiwa na deni. Wa tisa ulipoanza goti lilitulia. Ulipofika ubeti wa pili, uso wake ulianza kubadilika, akaomba urudishwe nyuma. Waliurudisha. Alivua kifaa akakishika kiganjani kama jino lililong'olewa.

"Hii suti," alisema, "ni ya shemeji yangu."

Wakaitazama suti.

"Nasema suti si yangu. Kila slava naazima. Mwaka huu yangu ya kuazima imeliwa na nondo, nikaazima nyingine." Akawatazama wote, hata padri angekuwepo angemtazama. "Mficha uchi hazai. Sasa mmejua."

Ikawa kama mtu amefungua bomba. Msichana wa kwenye ngazi alisema kwao wanaazima zulia, na usiku mama yake hawaruhusu kulikanyaga. Ognjen alisema kwao glasi ni za hoteli moja alikofanya kazi mjomba wake, na hakuziomba. Walicheka, na kilikuwa kicheko kingine, si kile cha dukani. Miodrag alisimama karibu na makoti na chupa mkononi, na kwenye ncha ya sharubu zake palikuwa na kitu ambacho kwa mtu mwingine kingeitwa tabasamu.

Ljubinka aliyasikia yote akiwa mlangoni mwa jikoni, amembeba samaki wa mwisho, mzima, juu ya sahani kubwa yenye ukingo wa dhahabu. Miguu ilimwambia aingie, uso ukamwambia angoje.

"Hayo ni ya hapa," alisema Ognjen, akichezea simu. "Lakini kura haipigwi hapa. Mdalasini amekataa wimbo wa tisa, na nusu ya kundi hawapigi kura bila Mdalasini. Hata mimi ni yeye aliyenishawishi. Sikilizeni alivyoandika juzi."

Akasoma kwa sauti ya taarifa rasmi.

"'Wapendwa, wimbo wa tisa una viungo vizuri, sikatai. Lakini huzuni yake ni chumvi iliyotiwa juu, haikupikwa ndani. Ya nyumbani yaachwe nyumbani. Pigieni wa nne.'"

Mikono ya Kosara ilikuwa ikikusanya sahani. Ilisimama. Hakugeuza kichwa. Miodrag aliitazama chupa. Kum Velibor, ambaye tangu harusi amekula maharage ya Ljubinka na maelezo yake, alimtazama Miodrag, kisha akautazama mlango wa jikoni.

"Huyo Mdalasini ni nani hasa?" aliuliza Persida kutoka pembeni.

"Yeyote awaye, hana habari," alisema Tijana, akivua miwani. "Hajui anachofanya. Niseme, dada Kosara? Binamu yangu anafanya usafi kwenye ile kampuni. Safari ya maonyesho ya masika watakwenda wasichana watatu. Aliyekosa kuongoza wimbo ulioachiwa anarudi kwao. Wenzake watatu wameshaongoza katika zile mbili zilizotoka."

Wote walimgeukia Kosara. Yeye aliweka sahani chini, moja juu ya nyingine, bila kuzigonganisha.

"Wamesema gari lina nafasi za watatu," alisema. "Ni kweli. Nilitaka niseme baada ya sikukuu."

Hapo ndipo samaki alipoondoka. Ljubinka hakumtupa. Vidole tu vililegea upande mmoja, sahani ikainama, na samaki, aliyekuwa ameogeshwa mafuta na vitunguu, aliteleza kama mtu anayeshuka kilima cha theluji, akaruka ukingo wa dhahabu, akapita juu ya mshumaa bila kuuzima, akatua kifuani mwa kum Velibor, kwenye suti ya shemeji. Sahani ilifuata sakafuni.

Vipande vilitawanyika hadi chini ya kochi.

"Jamani sahani," alisema Persida, akakaa chini pale pale juu ya mapaja ya mtu. Walimpa maji. Ljubinka alisema atalipa, atauza chochote, amsamehe. Persida alitikisa kichwa, machozi yanamtoka, na katika machozi hayo likatoka neno ambalo mpaka leo halimo kwenye hadithi yake anapoisimulia. Sahani si zake. Ni za dada yake wa mji wa pili. Huziazima kila mwaka kabla ya Nikola, azisafishe, azifunge kwa magazeti, ili Ljubinka akija agonge mlango na yeye awe na cha kumpa.

"Miaka yote hiyo?" aliuliza Ljubinka.

"Ulikuja mwaka wa kwanza ukaziona kwangu mezani, ukaziomba. Ningesema nini?"

Kum Velibor alimwondoa samaki kifuani kwa mikono miwili, kwa heshima, akamweka mbele yake. Akauliza kama kuna limau.

*

Giza huingia mapema mwezi huo. Vijana walisaidia kurudisha viti, kila kiti kwa mwenyewe, wakaenda kusubiri basi kwenye kituo, mita chache kutoka uani. Ognjen alikuwa wa mwisho kumpa Miodrag mkono. Alisema samaki alikuwa mzuri hata baada ya kuruka. Kuhusu kura, alisema, bado hajapiga; anasubiri Mdalasini, amezoea. Hakumtazama Ljubinka aliposema hivyo, ila pia hakutazama pembeni sana.

Jikoni walibaki mama na binti. Ljubinka aliosha, Kosara akafuta. Sahani zile zilizobaki zilipita mkono kwa mkono. Vipande vya iliyovunjika vilikuwa juu ya meza, vimepangwa kama vile vinaweza kuungana.

Ljubinka alisubiri aulizwe. Alikuwa ameandaa majibu, na yote yalikuwa ya kweli: mwenye duka, wenzake wa jikoni, Persida anayeimba puani. Lakini Kosara hakuuliza. Alisema tu kwamba maji yamepoa, akaongeza ya moto.

"Ungerudi ningefurahi," alisema Ljubinka mwishowe, akiongea na maji. "Usidhani nisingefurahi. Chumba chako nakipasha moto kila Jumapili."

"Najua, mama."

"Nilichokuwa sitaki ni zile sahani kuimbwa."

"Najua." Kosara aliweka sahani ya mwisho juu ya nyingine. "Kuna mstari baada ya ule. Watu wa dukani hawafiki huko. Wewe ulifika?"

Ljubinka alifika. Alikuwa amefika mara nyingi kuliko mtu yeyote katika nchi hiyo. Mstari unasema: *washa taa, mama, dirisha la jikoni, basi likipinda nijue nimefika.* Kila Ijumaa, Kosara alipokuwa akisoma sekondari ya mjini na kurudi kwa basi la jioni, taa hiyo iliwashwa hata umeme ulipokuwa wa shida. Hilo Mdalasini hakuwahi kuliandikia neno.

Nje, kituoni, walianza kuimba. Hakuna aliyewaongoza, baridi tu na kungoja. Haukuwa wimbo wa nne. Kwenye ubeti wa pili ilijitokeza sauti nene ya dereva wa maziwa, na juu yake sauti nyembamba ya mwanamke aliyevuka uzio bila koti, na sauti hiyo Ljubinka aliijua, maana ndiyo ile inayoimba puani tangu vuli. Sebuleni Miodrag alikuwa bado amesimama, kwa kuwa kum Velibor bado hajaondoka, na redio ilikuwa inatangaza bei za mahindi, jambo ambalo hutangulia taarifa ya habari.

Kosara aliichukua simu ya mama yake kutoka juu ya friji, kati ya pakiti za kahawa. Aliifuta kioo kwa aproni, akaiweka mezani, kando ya vipande vyenye ukingo wa dhahabu, akaisukuma kidogo kwa kidole.

"Mama," alisema. "Mwombe Mdalasini aandike tena."

Ljubinka alivuta taulo akaanza kukausha mikono, kidole kimoja kimoja, dole gumba, cha shahada, cha kati, akarudia upande wa pili. Taulo lilikuwa kavu, na mikono ilikuwa imekauka zamani, naye aliendelea kufuta.